Namna ya Kupasha Moto Waya na Kuwanyima Dagaa Mwanga

Giza la mwezi limekaribia, pale Kibirizi, Kigoma, pilikapilika zimeanza, nawe umeamua kuachana na karabai ufunge taa za betri kwenye kipe chako cha kuvulia dagaa. Hongera. Taa hizi hazinuki mafuta wala hazitaki kupigwa pampu, na zinakupa nafasi ambayo karabai haikukupa kamwe: kulipia umeme mwingi na kuumwaga njiani kabla haujafika majini.

Anza na waya. Usiulize unene. Ukiambiwa dukani, "Mzee wangu, waya ni waya," itikia na ulipe. Chukua ule mwembamba wa milimita mraba 1.5, wa kufungia taa za sebuleni, ukate mita 20: kumi za kwenda na kumi za kurudi. Wengi huzisahau zile za kurudi. Zisahau na wewe. Kisha unganisha betri ya volti 12 na taa zinazokula ampia 10.

Hatari pekee ni jirani mwenye multimita. Akipima kwenye betri ataona volti 12. Akipima kwenye taa ataona 9.7, na hapo ataanza kuuliza 2.3 zimekwenda wapi. Mkatize kabla hajafungua daftari, kwa sababu hesabu inayofuata mtoto wa sekondari anaiweza: volti gawanya kwa ampia unapata omu, volti zidisha kwa ampia unapata wati. 2.3 gawanya kwa 10 ni omu 0.23, ukinzani wa waya mtupu. 2.3 mara 10 ni wati 23. Betri inatoa wati 120, taa zinapata 97, na hizo 23 zinapasha moto waya usiku kucha katikati ya ziwa, ambako hakuna dagaa aliyelalamika baridi.

Ukibanwa sana, tumia ujanja wa wazoefu. Chukua volti 12 za betri, gawanya kwa 10, upate omu 1.2, kisha utangaze kwamba huo ndio ukinzani wa taa. Kumbe ni wa mzunguko mzima, waya ndani yake. Wa taa ni 0.97, na kwa taa za LED hata hiyo namba hubadilika volti zikibadilika. Sauti ikiwa kubwa, watu hawafiki huko. Georg Ohm, mwalimu wa Kijerumani, alichapisha kanuni hii mwaka 1827 na wakubwa wa nchi yake wakaipuuza kwa miaka, kwa hiyo upo na wenzako.

Sasa viungo. Sokota nyaya kwa vidole, zungushia kipande cha mfuko wa nailoni, basi. Kiungo cha namna hii kikila volti 1 tu kwenye mkondo wa ampia 10, ukinzani wake ni omu 0.1. Sehemu ya kumi ya omu! Nani ahangaike? Lakini ni wati 10 zilizokaa kwenye kifundo kisichozidi kichwa cha mgebuka. Kinapata joto, shaba inaingia kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto, na kabla ya alfajiri nailoni inakuwa uji.

Atatokea mtu akushauri ufunge betri mbili mfululizo na taa za volti 24. Mkatae. Kwa wati zilezile 120 mkondo utashuka hadi ampia 5, na kwa kuwa hasara ya waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, zile wati 23 zitabaki karibu 6. Ndiyo akili iliyofanya njia ya umeme ya Nyakanazi hadi Kigoma isanifiwe kwa kilovolti 400, mkoa ukiwa umeishi miaka na majenereta ya dizeli. Wewe una haraka gani?

Nyumbani Ujiji elimu hii inafaa pia. Birika la wati 2,000 kwa volti 230 linavuta ampia 8.7, yaani omu 26 na ushee. Jioni umeme ukishuka hadi volti 160, omu ni zilezile, mkondo unakuwa ampia 6, na birika linabaki na wati 970 hivi. Volti zimepungua kwa chini ya theluthi, nguvu imepungua kwa zaidi ya nusu. Dawa: nunua birika kubwa zaidi. Litavuta mkondo mwingi zaidi, volti za mtaa zitashuka tena, na jirani naye atakwenda kununua la kwake.

Na yule wa multimita akizidi kukusumbua, iazime. Iweke kwenye ampia, kisha gusisha ncha zake mbili moja kwa moja kwenye betri. Ukinzani wa ndani wa betri nzuri ya gari ni kama sehemu ya mia ya omu. 12 gawanya kwa 0.01 ni ampia 1,200. Nyaya za kipimo zitapunguza kiasi, ila fyuzi ya ampia 10 haitasubiri kuona. Kama ni multimita ya bei poa isiyo na fyuzi upande huo, nyaya zenyewe ndizo zitakuwa fyuzi, kwa hiyo weka maji ya kupoza vidole karibu. Baada ya hapo iingize multimita kwenye mzunguko wa taa, upime mkondo. Itasoma sifuri. Mwite mwenyewe aje aone: sifuri mara sifuri mara 0.23 ni sifuri, na waya wako haupotezi hata wati moja.