Gari Hufunguliwa na Mmoja, Hufungwa na Kijiji

Kila mwanamume wa Hadado huamini alizaliwa akijua mambo mawili: ngamia na injini ya dizeli. Kuhusu ngamia sina neno, maana wanawajua kwelikweli. Kuhusu injini, nimekaa huku Wajir Magharibi muda wa kutosha kuitwa shahidi, na ushahidi wangu ndio huu.

Ukiuliza kama mtu ajitengenezee gari nyumbani, watu wa Nairobi watakucheka. Kwao gereji ziko kila kona, na spea ikikosekana wanateremka Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, wakauziwa kioo cha pembeni ambacho pengine juzi kilikuwa chao. Hadado kona zenyewe tunazihesabu. Fundi wa injini tunamtafuta mji wa Wajir, na spea ya maana tunaiagiza Garissa au Nairobi. Kutoka Nairobi hadi Garissa peke yake ni kilomita 370 hivi, na hapo bado hujaingia safari yenyewe ya kuja kwetu. Nati moja inaweza kutembea mbali kuliko alivyowahi kutembea mwenye gari. Kwa hiyo watu hujitengenezea, wapende wasipende. Tatizo ni wale wanaopenda.

Jirani yangu Abti anapenda. Ndivyo wanavyomwita wapwa zake, na wapwa zake ni nusu ya mji, basi na mimi mwalimu wa kuja nimejiunga. Abti ana Land Cruiser pikapu kuukuu, yenye ile injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta. Toyota walianza kuiunda mwaka 1990, na kwa sababu haina mambo mengi ya umeme, yeyote mwenye spana tatu akifungua boneti hujiona mhandisi. Gari gumu lina ubaya huo. Humfanya mwenyewe aamini kuwa yeye ndiye hodari, kumbe hodari ni gari.

Matengenezo ya kwanza niliyoyashuhudia yalikuwa ya dashibodi. Gari hilo lina taa ndogo inayowaka kukumbusha kwamba mkanda wa taimingi umefika wakati wa kubadilishwa. Ilipowaka, Abti aliitazama kwa muda, akaingia dukani, akatoka na utepe mweusi wa mafundi wa umeme, akaubandika juu ya taa.

"Imepona," akaniambia.

Kisha gari likaanza kuchemsha. Sababu haikuwa siri. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na ukiyamimina kwenye rejeta mwaka nenda mwaka rudi huacha ukoko mweupe ndani, njia zikaziba. Juu ya hayo, pampu ya maji ilikuwa ikivuja. Kila safari ya Wajir ilikuwa na vituo vya kutia maji, na katika kituo kimoja mpwa mmoja alifungua kifuniko cha rejeta papo hapo, kwa ncha ya kikoi. Maji ya rejeta yamo kwenye shinikizo, ukiyafungulia yakiwa moto hayasubiri salamu. Kijana alipona kwa kuwa ana mbio. Kikoi tulikitoa kwenye mti.

Hapo zikaanza tiba. Mzee mmoja alisema rejeta inayovuja huzibwa kwa bizari. Abti akaingia jikoni kwa Habo, mkewe, akatoka na mkebe mzima. Sipingi kwamba kuvuja kulipungua kwa muda. Lakini gari lilipopata moto lilinuka pilau mtaa mzima, na siku hiyo Habo alipika wali mweupe, akauweka mbele ya mumewe na kumwambia, "Ukitaka rangi, nenda kachote kwenye gari lako."

Tiba ziliposhindwa, Abti alitangaza kwamba atabadilisha pampu mwenyewe. Alikuwa ameona video ya jamaa wa Australia, nako Land Cruiser za aina hii wanazo tele. Jamaa huyo alifanya kazi kwenye sakafu ya saruji, chini ya taa kali, spana zake zimepangwa ukutani kwa ukubwa. Sisi tulikuwa na mchanga, mti wa mgunga na tochi. Kazi tuliianza baada ya magharibi, maana mchana wa Hadado spana ikiachwa juani haishikiki.

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Asiyewahi kumshikia tochi mtu anayejitengenezea gari hajui dhuluma. Mwanga uko mahali pake, lakini nati ikikataa kufunguka, mwenye kosa ni tochi. Mkono ukiteleza na kugonga chuma, tochi. "Maalim, unamulika wapi?" Ninamulika unapoangalia, Abti. "Basi mulika nitakapoangalia!"

Feni ilitoka, mikanda ikatoka, mabomba ya maji yakatoka. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye betri, jamaa wa Australia akitueleza hatua moja moja. Akafika mahali akainua kidole na kusema kwamba kabla ya kufungua bolti za pampu kuna jambo moja muhimu sana la kukumbuka, na hapo mtandao ukakatika. Tulimtazama akiwa amegandisha kidole hewani. Abti akangoja kidogo, kisha akasema, "Atakuwa alitaka kusema bismillahi." Akaisema, akafungua.

Pampu mpya ilikuja na gasketi yake, karatasi ngumu iliyokatwa kwa umbo la mdomo wa pampu. Abti aliiweka juu ya gunia, mahali pasafi. Asubuhi tulimkuta mbuzi wa Habo amesimama juu ya gunia hilo, anatafuna polepole, kipande cha mwisho chenye tundu la bolti kikiningʼinia mdomoni. Hakuna aliyemkimbiza. Hata angetema, kungekuwa na nini cha kufunga?

Gari lililofunguliwa huita watu. Kufikia adhuhuri walikuwa wamekusanyika chini ya mgunga dereva wa miraa, mhudumu wa mashine ya kisima, wazee na vijana, na kila mmoja alikuwa na Land Cruiser aliyowahi kuiponya. Mmoja alisema tatizo ni pampu, mwingine gasketi ya silinda hedi, wa tatu akasema gari limepatwa na jicho. Huyu akikaza bolti, yule huilegeza aikaze kwa mtindo wake. Jua lilipozama kulikuwa na bolti mbili kwenye karai zisizojulikana zimetoka wapi, na mzee wa bizari akaamua kwamba Toyota huweka za ziada.

Gasketi nyingine ikaagizwa Nairobi. Hiyo ilikuwa Novemba 2023, na wanaokumbuka mvua za El Niño wanajua kilichofuata. Mto Tana ulifurika ukaikata barabara ya Nairobi karibu na Mororo, hapo mlangoni mwa Garissa, magari yakalala upande wa Madogo na watu wakawa wanavushwa kwa boti. Gasketi ya Abti nayo ilivuka Tana kwa boti. Ikapanda basi, ikakwama kwenye matope, ikafika Wajir, ikamalizia kwa pikipiki. Mji mzima ulitoka kuilaki. Abti akachana bahasha, akaiweka kwenye mdomo wa pampu, matundu yakakataa. Ilikuwa ya injini ya petroli.

Ndipo akaitwa fundi kutoka Wajir, kijana mkimya aliyejifunzia kazi Isiolo. Sasa, mafundi wote wa Kenya wana swali moja wanaloanza nalo. Wakiinama tu chini ya boneti, huguna, hutikisa kichwa, kisha huuliza, "Nani alishika hapa?" Fundi wetu naye akaguna, akatikisa kichwa, akauliza. Wapwa wote wakatazama chini. Abti akajifuta mikono, akaguna kwa uchungu kuliko fundi mwenyewe, akasema, "Mafundi wa siku hizi, kijana wangu. Hawana utu."

Fundi akaomba kikasha cha majani ya chai. Tukadhani anataka chai. Akakipasua, akatandaza karatasi yake ngumu juu ya mdomo wa pampu, akashika nyundo ndogo na kuanza kuigonga taratibu kando kando. Ukingo wa chuma ukawa unaikata karatasi wenyewe, kila pigo likiondoa uzi mwembamba. Alipofika kwenye matundu ya bolti akageuza nyundo, akagonga kwa upande wa mviringo, vikaanguka vipande vidogo vya duara. Akaipaka silikoni, akaibandika, akafunga. Zile bolti mbili za karai akazirudisha mahali pake bila kuuliza mtu. Mwisho akaingia kwenye kiti cha dereva, akauona utepe mweusi, akaubandua. Taa ikamwangaza usoni.

"Na hii, Abti?"

"Hiyo nilishaitengeneza."

Mkanda wa taimingi ulibadilishwa wiki iliyofuata, kwa bei iliyomfanya Abti aombe kiti. Fundi akamweleza kwamba ungekatika njiani, vali zingegongana na pistoni, na injini hiyo hodari ingekuwa ya kupimiwa kwenye mizani ya chuma chakavu.

Je, mtu ajitengenezee gari? Madereva wa njia zetu wameshajibu kwa vitendo. Mtazame wa lori la Wajir: ana jeki ndefu ile inayoitwa ya Tanganyika, na ubao wa kuweka chini yake ili isizame mchangani. Ana mikanda ya akiba, blada za kufungia bomba lililopasuka, na sabuni ya kipande ya kuziba tangi la mafuta linalovuja. Dizeli ikimwishia anajua kutoa hewa kwenye mfumo kabla ya kuwasha. Akipuliza chujio la hewa hulipuliza kutoka ndani kwenda nje, asije akasukumia vumbi ndani zaidi. Huyo hajifanyi fundi. Anajua tu mambo yatakayomfikisha nyumbani, na anajua yanakoishia.

Na wewe jua yanakoishia. Pima oili na maji mwenyewe, na rejeta uifungue ikiwa baridi. Badilisha tairi, mkanda wa feni na machujio. Betri itie maji ya betri, si ya kisima. Oili chakavu usiimwage chini ya mti, hasa kama uko mji wa Wajir, ambako visima ni vifupi na maji ya kunywa hayako mbali na miguu yako. Itie kwenye mtungi, wapo wenye kuihitaji. Breki usiziguse. Nimeona aliyejaza oili ya injini kwenye kikopo cha mafuta ya breki, mipira yote ikavimba, na gari likasimamishwa na ukuta wa duka. Mkanda wa taimingi na kila kilicho ndani ya injini, mwachie fundi.

Lililobaki ni moja, nalo ni gumu kuliko yote: usifungue kitu chochote kabla spea yake haijawa mkononi mwako, umeilinganisha na iliyomo kwenye gari, tundu kwa tundu. Ukishaipata, mfunge mbuzi, halafu waage washauri.