Sifa za Kitufe Bubu

Kibodi ya kawaida ya USB ina vitufe zaidi ya mia, na karibu vyote ni vitiifu hadi vinachosha. Ukibonyeza A, inatokea A. Nani atatoa shukrani? Wa kusifiwa ni yule mmoja mwenye kichoro cha kikokotoo au maikrofoni, ambaye kwenye Linux hubonyezwa akabaki kimya kama mheshimiwa aliyeulizwa habari za fedha za umma.

Wanaomwita mbovu wanamwonea. Mara nyingi anasema, tena kwa sauti. Hajapata mkalimani tu. Mwenye kibodi akifungua programu ya evtest na kumbonyeza, ataona namba ikipita. Caps Lock hujitambulisha kwa 70039: hiyo 7 ni ukurasa wa vitufe katika kanuni za USB, na 39 ni nafasi yake humo. Kitufe bubu naye hutaja namba yake, ila kerneli, kiini cha Linux, humwandika KEY_UNKNOWN, yaani hajulikani.

Hapo ndipo ualimu wake unapoanza. Mtu ambaye jana hakujua chochote zaidi ya kubofya, leo yumo ndani ya /etc/udev/hwdb.d akiandika faili la kuitafsiri namba hiyo. Mstari wa kwanza unaitaja kibodi, ukianza na evdev:input:b0003, kwa kuwa 0003 ndiyo alama ya USB. Wa pili, mathalani KEYBOARD_KEY_70039=leftctrl kwa anayetaka Caps Lock iwe Ctrl, lazima utanguliwe na nafasi tupu. Ikisahaulika nafasi hiyo, kazi yote ni bure. Kisha amri ya systemd-hwdb update, kisha ya udevadm trigger. Kitufe gani kitiifu kimewahi kumfikisha mtu huko?

Bingwa wao ni kile cha kuzima maikrofoni. Linux imempa namba 248. X11, mfumo wa madirisha wa mwaka 1987, huongeza 8 juu ya kila namba, na dari yake ni 255. Jumla ni 256! Kwa kuzidi moja tu, anafungiwa nje. Ndiyo maana faili la hwdb linalokuja na systemd humvisha jina la F20 kwenye kompyuta nyingi, kitufe ambacho kibodi nyingi hazina kabisa.

Fn ni habari nyingine. Kwenye kibodi nyingi hushughulikiwa ndani ya kibodi yenyewe, na kompyuta haipati hata namba. Basi msomaji aanze na evtest. Asipoona kitu, asihangaike na hwdb.