Namna ya Kulinyamazisha Gari Linalojifanya Linajua

Ndugu yangu, umeagiza kigari chako kutoka Japani, ushuru umelipa ukiwa umefumba macho, na sasa unagundua kwamba ulichonunua si gari, ni mlezi. Ukikanyaga mafuta kwenye kona yenye mchanga, injini inanyong'onyea. Ukitaka tairi zilie kidogo mbele ya ukumbi wa harusi, dashibodi inawasha kitaa cha njano chenye picha ya gari lililolewa, na tairi zinanyamaza. Shemeji aliyekaa nyuma hana la kwenda kusimulia.

Hili halikubaliki. Dereva ni wewe. Leseni unayo, na ulivyoipata si mada ya leo. Nifuate taratibu, mfumo huu wa kuzuia mserereko tutauzima wote.

1. Hakikisha una cha kuzima

Usicheke. Wapo wanaopambana mwaka mzima na kitu ambacho gari lao halina. Japani ilianza kuulazimisha mfumo wa kuzuia gari kuserereka kwa miundo mipya ya magari ya abiria mwaka 2012, kwa hiyo Vitz, Passo na IST nyingi za kabla ya hapo zilishuka bandarini zikiwa na ABS tu, na nyingine ziliomba radhi hata kwa hiyo.

Pekua dashibodi, hasa upande wa kulia wa usukani, chini kidogo. Tafuta kitufe chenye picha ya gari lililoacha nyuma yake mikia miwili iliyojikunja. Toyota huandika VSC, Mazda DSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA. Majina mengi, ubishi ni ule ule. Ukikuta pale pamezibwa na kipande cha plastiki kisicho na maandishi, mwenye gari wa kwanza kule Japani alibana matumizi. Usimwambie mtu. Waambie umeshauondoa. Hakuna atakayeinama chini ya usukani kukukagua, na mwongozo wako unaweza kuishia hapa kwa heshima zote.

2. Mjue adui yako

Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mizunguko. Tairi linalosukuma gari likizunguka kuliko wenzake, kompyuta inajua limekosa mshiko: inalibana breki hilo moja na kuipunguzia injini nguvu. Hiyo ndiyo TRC. VSC ni kaka yake. Huyu husoma pia usukani umeelekezwa wapi na gari lenyewe linajipinda kwenda wapi, na majibu yakipishana anagusa breki ya tairi moja moja mpaka gari lirudi njiani. Anafanya hayo kabla wewe hujamaliza kusema "Mungu wangu".

Aliyeongoza kazi ya kumbuni kaka huyo kwenye kampuni ya Bosch ni Mholanzi, Anton van Zanten. Mfumo uliingia sokoni mwaka 1995 ndani ya Mercedes kubwa, na mwaka 2016 mzee akapewa Tuzo ya Wavumbuzi ya Ulaya kwa kazi ya maisha yake. Yaani mtu mzima, msomi, alikaa miaka yote hiyo akihangaika wewe usionekane.

Mwaka 1997 mambo yakaharibika kabisa. Jarida la magari la Sweden, Teknikens Värld, lilijaribu Mercedes A-Class, kigari kidogo kipya, kwa kulikwepesha ghafla kama vile kulungu wao mkubwa amekatiza barabara. Gari likapinduka. Mercedes wakasitisha kuwakabidhi wateja, wakalirekebisha na kuliwekea mfumo huo kila A-Class, na tangu hapo hata vigari vya bei ndogo vikaanza kufundishwa adabu. Sisi huku hatuna kulungu wa Sweden. Tuna ng'ombe wa Singida na bodaboda asiye na taa, na kwa hao tunapiga honi.

3. Bonyeza, lakini kwa kipimo

Hapa ndipo wasio na mwongozo wanapoumbuka. Kwenye Toyota nyingi, ukibonyeza mara moja na kuachia, umezima TRC peke yake, tena kwa hisani: gari likichanganya mwendo, inarudi bila kukuuliza. Ukitaka kuzima vyote viwili, simamisha gari kabisa, bonyeza na ushikilie kwa zaidi ya sekunde tatu mpaka kitaa cha VSC OFF kiwake. Tazama mbele wakati huo, kama mtu anayefikiria mambo makubwa.

Lakini usizidishe. Kwenye Mazda, ukikandamiza kitufe sekunde kumi au zaidi, kompyuta inahitimisha kwamba kitufe kimeharibika na inaurudisha mfumo kazini. Haijafikiria kwamba una hamu. Imefikiria una hitilafu.

4. Usizime injini

Kila unachozima kwa kitufe kinarudi ukiwasha gari upya. Kwa hiyo ukishafanikiwa, liache lingurume. Ukienda dukani, lingurume. Ukienda msibani, liegeshe mbali kidogo, lingurume huko. Tatizo ni kituo cha mafuta, ambako wamebandika tangazo la kukutaka uzime, na kwa ratiba hii utakuwa unapita huko mara nyingi kuliko zamani.

5. Miguu ya siri

Kuna watu watakunong'oneza kwamba mfumo unazimwa kwa miguu, na wanasema kweli. Kwenye Prius, kwa mfano, kuna hatua zake: washa umeme wa gari bila kuwasha injini, kanyaga mafuta mpaka chini mara kadhaa gia ikiwa P, kisha ikiwa N, kisha P tena, yote ndani ya dakika moja. Ukikosea, unaanza upya. Ukipatia, kioo kinaandika kwamba gari liko kwenye hali ya matengenezo.

Watengenezaji waliiweka kwa ajili ya gereji, gari likipimwa juu ya roli, na wanaonya kwamba ukilitembeza hivyo unaweza kuua gia. Wewe usijali onyo. Zingatia mwonekano: mtu mzima, ndani ya gari lililosimama, kichwa hakitikisiki, miguu inafanya mazoezi. Jirani akichungulia, mwambie unasikiliza muziki.

6. Nenda kwa fundi

Usiende kwa aliyesomea, huyo atakuuliza kwa nini. Nenda kwa yule wa chini ya mwembe, ambaye swali lake la kwanza ni "una shilingi ngapi?" Atafungua boneti, atang'oa kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, atachomoa ile iliyoandikwa ABS na kukuwekea kiganjani, kitu kidogo kama punje ya hindi. Imekwisha. TRC imekufa, VSC imekufa. Imekufa na ABS, pamoja na ule utaratibu wa kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, kwa hiyo siku ukifunga breki za ghafla kwenye lami yenye mvua, nyuma inaweza kutaka kutangulia mbele. Si ulitaka uhuru?

Taa za dashibodi zitawaka: ya ABS, ya mserereko, na pengine ile nyekundu ya breki. Kwenye baadhi ya magari mshale wa spidi nao unalala kwenye sifuri, maana taarifa za mwendo hupitia kwenye kompyuta hiyo hiyo ya ABS. Hiyo ni nyongeza ya bure. Trafiki wa tochi akikusimamisha kijijini kwa kupita 50, utamwambia bila kupepesa macho kwamba gari lako lilikuwa limesimama. Elfu thelathini utalipa, lakini utakuwa umemwachia la kufikiria.

7. Tepu nyeusi

Kwa zile taa fundi ana dawa, na sijaona gereji yetu iliyokosa dawa hii: kipande cha tepu ya umeme, kilichokatwa kwa wembe kikaenea sawasawa. Walio makini zaidi hufungua dashibodi nzima na kutoa taa yenyewe, ili ukiuza gari mnunuzi asione kitu. Tepu ina ubora wake, lakini. Inabanduka haraka mkaguzi wa bima akiwa anashuka kwenye bajaji.

Na hapa sogea karibu. Inawezekana kabisa ulishafuzu zamani na hujui. Je, taa ya ABS kwenye gari lako iliwaka siku ulipotumbukia kwenye lile shimo lililojaa maji, na haijazimika hadi leo? Basi hongera. Waya wa sensa umekatika, au sensa imejaa tope, na kompyuta ikikosa hesabu ya gurudumu moja tu hujitoa kwenye shughuli zote: ABS, TRC, VSC. Ulaya kuna vijana wananunua nyaya na programu za kuingilia kompyuta ya gari usiku wa manane ili wafike hapo ulipo. Wewe umefika kwa shimo moja na uvivu wa kwenda gereji. Mtaani kwetu zimejaa gari zilizozimwa hivi, zinapeleka watoto shule kila asubuhi, na wenyewe wanadhani ile taa ni urembo.

Kama yako bado haijawaka, saidia kidogo: funga mbele tairi za saizi moja na nyuma za saizi nyingine, zilizopatikana kwa bei nzuri. Sensa zitaanza kugombana zenyewe.

8. Sasa onyesha

Nisikilize vizuri kabla hujaita watu. Vitz ya lita moja ina nguvu za farasi 70 hivi, na zote zinakwenda kwenye tairi za mbele. Yale magari unayoyaona yakicheza kwa mkia kwenye video husukumwa na tairi za nyuma, au zote nne. Chako kikikosa mshiko hakichezi, kinanyoosha. Wewe unakata kulia, chenyewe kinaendelea mbele kwa heshima kuelekea kwenye genge la nyanya. Kwa hiyo usichague kona kwa uzuri wake. Angalia kilichopo mbele yake, na umuulize mwenyewe nyanya zake zinauzwaje kwa tenga zima.

Wapo watakaokushauri uvute breki ya mkono. Kwenye magari mapya breki hiyo ni kitufe, na kitufe kingine ndicho kilichotuleta hapa.

Njia bora kuliko zote, na hii siwapi wote, ni sauti. Rekodi mlio wa tairi kwenye simu, iunganishe na redio ya gari, shusha vioo vyote, ongeza sauti, kisha kata kona ya ukumbini kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa huku umekaza taya. Watu husikia kwanza, hutazama baadaye. Watakapogeuka utakuwa unaegesha. Fanya majaribio nyumbani, maana gari nyingi za Japani ukiziwasha kuna mama anayeanza kuzungumza Kijapani kwa upole, akikukumbusha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za huko. Huyo akitangulia kwenye spika kabla ya mlio wa tairi, ondoka ukumbini, rudi wiki ijayo.

9. Kigamboni, Jumapili

Kuna mahali pamoja ambapo kuzima TRC ni akili, na hata kitabu cha gari kinasema hivyo, kile kilichoandikwa Kijapani ulichokitumia kuzibia droo isipige kelele. Ni ukikwama kwenye tope au mchanga. TRC ikiwa macho, kila ukikanyaga mafuta inaona tairi zinazunguka bure, inakata nguvu, na gari linabaki kupumua tu. Ukiizima, tairi zinapata nafasi ya kuchakura mpaka ziguse kitu kigumu.

Wenye subira hupunguza upepo wa tairi, wananyoosha usukani, wanakanyaga kidogo kidogo, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Wewe umekuja ufukweni Kigamboni na kundi la watu, na bahari inaanza kujaa. Kanyaga mpaka chini. Mchanga utaruka juu vizuri sana, watu watapiga picha, na ndani ya nusu dakika tumbo la gari litakuwa limekaa juu ya mchanga na tairi za mbele zinaelea kwenye mashimo yake zenyewe.

Usipige simu kwa mtu yeyote. Vijana wenye mbao na koleo watatokea wenyewe, hawana haraka, wanatazama maji. Watataja bei, nawe taja nusu yake huku ukionyesha kwamba gari ni jepesi. Mmoja wao ataingiza kichwa dirishani, atabandua kona ya tepu kwa ukucha na kuchungulia.

"Bosi, ile ya kuserereka umeizima?"

"Yote," mjibu kwa sauti, watu wasikie.

"Basi ongeza elfu tano. Ukiiacha huwa haichimbi hivi."