Difu la Toyo Uani

Msimu wa pamba ukishafunguliwa, huku Shishiyu, wilayani Maswa, mwenye toyo nzima husalimiwa hata na wasiomjua. Yetu ilikuwa inalia: mluzi mwembamba kutoka nyuma, unaozidi kila ikibeba mzigo. Fundi wa senta akasikiliza, akataja bei ya kubadilisha oili ya difu. Mume wangu, Baba Kulwa, akasema kumwaga oili na kutia nyingine si kazi ya kulipia watu.

Sikumbishia sana. Bodaboda ni mnyororo, na mnyororo maradhi yake unayaona: umelegea, umekauka, meno yameliwa. Toyo, kwa kuwa ni pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, nguvu yake inapita kwenye shafti hadi kwenye difu. Huko gia ya piniani inausukuma mzunguko ukunje kona kuelekea kwenye magurudumu mawili ya nyuma, na wakati wa kukata kona kila gurudumu linakwenda mwendo wake. Shafti si jambo geni. BMW waliitia kwenye pikipiki yao ya R32 mwaka 1923. Vumbi haliyafikii meno ya difu. Ila kila kitu kimefungiwa gizani, na mtu husahau kama kipo.

Alianza vizuri. Akaiendesha kwanza ili oili ipate moto, itoke yote. Akatandika gunia, akaingia chini, akafungua boliti ya chini, na oili nyeusi ikamwagikia kwenye sufuria la ugali la Mayu, mama mkwe wangu. Oili ya gia ina salfa, ndiyo inayoyakinga meno yanapobanana kwa nguvu, na harufu yake haina adabu. Ikafika mpaka mwambani tulikoanika michembe.

"Ng'wanawane," Mayu akauliza, "mmechinja nini kilichooza?"

Baba Kulwa akaipikicha oili vidoleni. Vumbi laini la chuma lilikuwamo, vipande havikuwamo. Akafunga chini kwa furaha, akageukia boliti ya kujazia.

Ikagoma. Spana ikateleza, kona zikaliwa, boliti ikabaki duara. Mafundi hufungua ya kujazia kwanza, kabla ya kumwaga hata tone, kwa sababu hiyo hiyo. Shemeji akaja na tindo na nyundo. Nikamwambia, "Shemeji, chuma cha kumimina hakikunjiki, kinapasuka." Akaiweka nyundo chini, akakaa juu ya gunia la pamba kutoa ushauri.

Mwanetu Doto ndiye aliyekiona kimrija kidogo juu ya ekseli. Kipumulio hicho: difu likichemka, hewa hutokea hapo isizisukume sili. Panapotoka hewa, akasema baba yake, oili itaingia. Akachukua bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe la Mayu, bila kuuliza, akaanza kuidunga toyo. Oili namba 90 ni nzito; jua likatua bado anadunga. Alikuwa amepima iliyotoka ili arudishe kiasi kile kile, jambo la akili kabisa, kisha akaongeza "ya akiba". Nikamuuliza akiba ya nini. Akanijibu kwamba oili haizidi.

Huzidi. Difu hujazwa mpaka ukingo wa tundu la kujazia, basi. Inayobaki ni nafasi ya kuchemkia. Kesho yake, chini ya magunia na jua la mbuga, ya akiba ikatafuta njia, ikaipata kwenye sili ya ekseli, ikaingia kwenye breki ya kulia. Kwenye mteremko wa mtoni breki ikawa mapambo. Akaipeleka toyo kwenye mabua ya mtama ya jirani, ikasimama. Hakuumia mtu. Gunia moja lilianguka likaegemea gurudumu lililolowa.

Kwenye mizani karani akainusa ile pamba. "Hii," akasema, "hata daraja la fifi siiandiki."

Fundi akaja na mashine ya kuchomelea, akashikisha nati juu ya boliti ile ya duara, akaizungusha, ikatoka. Akapunguza oili, akatia sili mpya na viatu vya breki, akataja bei. Mayu naye alikuwa na bei zake: sufuria, bomba la sindano, na gunia zima la pamba, kwa sababu lile lililokataliwa lilikuwa la shamba lake.