Kuku Saba na Kipupwe cha Njombe

Tanga nilikozaliwa, mtu akisema "jana kulikuwa na baridi" ana maana kwamba alijifunika shuka. Kwa hiyo kazi iliponipeleka Njombe, na kila niliyekutana naye akaniambia "subiri kipupwe", nilitabasamu. Kipupwe nakijua mimi. Si ule upepo mtamu wa Julai unaofanya baraza ikalike mchana kutwa?

Nilifika Machi. Aprili nikanunua mitetea sita wa kienyeji na jogoo mmoja niliyempa jina la Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kusema katika kila jambo na wa mwisho kufanya lolote. Banda lilikwisha kwa siku mbili, maana Njombe mbao za paina hazina taabu. Sakafuni nikamwaga maranda, mbele nikaweka wavu, juu bati. Hadi mwisho wa Mei nilikuwa naokota mayai manne kwa siku na kuwapigia simu ndugu zangu kuwaringia.

Kisha kipupwe kikafika, nikagundua kwamba cha Tanga na cha Njombe vimechangia jina tu. Mji huu umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kusi ikivuma Juni, ukungu hushuka hadi mlangoni, na asubuhi kipimajoto huwa chini ya nyuzi 10. Huko mabondeni sakitu hulala juu ya majani, ukaamka ukadhani kuna mtu alipita usiku akimwaga sembe. Nililala na blanketi mbili, kofia na soksi. Hapo ndipo wazo baya lilipoingia: kama mimi mwenye soksi natetemeka hivi, seuze kuku wanaolala nje miguu mitupu?

Kesho yake nikanunua nailoni na kilo ya misumari. Nililifunika banda pande zote nne, wavu wote, na kila upenyo chini ya bati, hata nikaziba tundu la msumari mmoja niliokosea. Usiku ule nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Asubuhi ya tatu nilipofungua mlango, harufu ilinipiga machoni kuliko kitunguu. Bati lilikuwa likidondosha matone kama lina mvua yake lenyewe. Maranda yamelowa. Mwenyekiti akatoka, akanyoosha shingo, akawika "Kokorii..." na badala ya kumaliza akapiga chafya.

Jirani yangu, bibi mmoja aliyefuga kuku tangu kabla sijazaliwa, alikuwa amesimama uani kwake akinitazama.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene bibi, na shikamoo."

"Marahaba. Huo mzigo umeufunga hivyo unasafirishwa wapi?"

Alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Kuku anapumua usiku kucha, na pumzi ina maji. Kinyesi chake nacho ni kibichi. Ukifunga kila mahali, ule unyevu na ile harufu havina pa kutokea, na hapo ndipo mafua yanapopata nafasi. Baridi kavu kuku mkubwa anaiweza. Kinachomwangusha ni kulowa, na upepo unaomchoma pale alipolala. Ziba upande kusi inakotokea, acha wazi juu kule chini ya bati, badilisha maranda.

Nikang'oa misumari ile yote. Kuigongelea kulichukua saa moja. Kuing'oa, siku nzima na kucha moja.

Nikamuuliza kama walau niwawekee jiko la mkaa usiku. Bibi akanitazama kwa huruma ya kweli. Gesi ya mkaa, ile isiyo na rangi wala harufu, huua watu katika vyumba vilivyofungwa, na maranda makavu nayo yanasubiri cheche moja tu. Jiko likabaki jikoni.

Mwishoni mwa Juni mayai yakakatika. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Wangu walikuwa wamekwama kwenye kifungu cha kwanza. Sikwenda kwa bibi. Aibu ya nailoni ilikuwa bado mbichi. Nikaingia kwenye simu, nikakutana na mfugaji wa Uingereza aliyeeleza kwamba kuku wa mayai huhitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku, kwa hiyo wakati wa baridi awashiwe taa. Nikavuta waya kutoka jikoni, nikatundika balbu bandani. Kwa kuwa mimi hulala mapema, na kwa kuwa zaidi si haba, niliiacha ikawaka usiku kucha.

Mwenyekiti alipoona kumekucha saa nne usiku, akawika. Akaona bado kumekucha saa sita, akawika tena. Saa nane alikuwa anahutubia. Majogoo wa mtaa, kwa kutotaka kuonekana wavivu, wakamjibu mmoja baada ya mwingine. Saa tisa nikasikia mlango wa bibi ukifunguka. Mjukuu wake alikuwa amevaa sare, ana begi mgongoni, anapiga mswaki chini ya nyota.

"Bibi," nikamsikia akiuliza, "mbona leo hakuna mtu anayepita kwenda shule?"

Asubuhi, asubuhi ya kweli, balbu niliikuta imefunikwa vumbi, unga wa maranda na usingizi wa mtaa mzima. Mita ya LUKU nayo ilikuwa inalia. Ndipo nilipopiga hesabu ambayo ningeipiga kabla: London siku fupi ya Desemba haifiki saa 8 za mwanga, mfugaji wa kule ana haki ya kuwasha taa. Njombe, tofauti kati ya siku fupi kuliko zote na ndefu kuliko zote ni kama saa moja tu. Nilikuwa nimewaletea kuku wa Njombe dawa ya ugonjwa wa London.

Sababu yenyewe ya mayai kukatika ilijitokeza Julai. Nilifungua banda nikadhani kuna mtu amechana mto humo ndani. Manyoya kila mahali, na katikati yake Bi Mkubwa, mtetea wangu bora, shingo tupu, mkia hakuna, kama aliyetoroka chunguni maji yakiwa yanaanza kuchemka. Nikashuku kicheche. Nikashuku utitiri. Nikashuku husuda. Halafu nikaingia ndani nikatoa sweta langu la sufu, nikakata mkono mmoja, nikatoboa matundu mawili ya mabawa, nikamvisha.

Bi Mkubwa alisimama. Akajitazama upande huu, akajitazama upande ule. Akaanza kutembea kinyumenyume, kwa hatua ndefu za kukimbia kitu kilichomshika shingo, hadi akagonga ndoo ya maji. Mwenyekiti akageuka kuangalia kelele. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sembuse huyu aliyekuja na sweta zima! Akashusha bawa, akamrukia.

Nikiwa katikati yao, nimeinama, mkono mmoja kwenye mtetea na mwingine ukipigwa madomo, nikasikia kicheko. Bibi alikuwa ameegemea uzio, kitenge kimemdondoka begani na hana nguvu ya kukiokota.

Alipopata pumzi akaingia, akamchukua Bi Mkubwa, akamvua. Akamgeuza shingo nikaona: ngozi imejaa vijiti vidogo vya rangi ya bluu-kijivu, kama ncha za kalamu. Ni manyoya mapya. Yana damu ndani, na ukiyabana yanamuuma. Kuku ananyonyoka ili avae upya, na wakati huo chakula chote kinakwenda kwenye nguo, hakibaki cha yai.

"Mpe dagaa, mpe mashudu ya alizeti," akasema. "Na hili sweta ondoa. Kuku akisikia baridi hujivimbisha, hewa inanasa humo ndani ya manyoya, anaipasha mwenyewe. Wewe unamkandamiza. Ukimvisha, umemvua."

"Na miguu yake, bibi?"

Akanipeleka bandani akanionyesha fito zangu nyembamba za kulalia. Kesho yake fundi alizitoa, akaweka mbao za mbili kwa nne, upande mpana juu. Usiku nikachungulia na tochi. Kuku saba wamebanana bega kwa bega, Bi Mkubwa katikati, kila mmoja amekalia vidole vyake kwa tumbo lenye joto la nyuzi 41 hivi. Soksi wanazo. Aliyesimama gizani akitetemeka, amevaa sweta la mkono mmoja, ni mimi.

Yai la kwanza lilipatikana katikati ya Septemba. Nilikaa nalo jikoni nikajumlisha: nailoni, misumari, waya, balbu, umeme, dagaa, fundi, sweta. Kwa fedha ile ningekula mayai ya dukani hadi Krismasi. Nikaenda kumwonyesha bibi, nikamsomea na hesabu yenyewe.

Akaligeuza mkononi, akalitazama kwenye jua.

"Hili hakulitaga kuku, mwanangu," akasema. "Hili umelitaga wewe."

Akalifunga kwenye pindo la kitenge chake, akaenda nalo ndani. Methali ilikuwa imeruka vifungu viwili, ikamalizikia moja kwa moja kwa mwewe.