Utukufu wa Lipstiki ya Buku Jero

"Haitoki hii, dada," anasema muuzaji, na maneno yake yapokewe kwa heshima, kwa kuwa ni kweli tupu. Lipstiki ya buku jero haitoki. Mahali pekee inapotoka ni mdomoni.

Ngara mjini inapatikana katika supamaketi, neno ambalo kule lina maana ya duka ambalo mteja anaingia ndani na kujichukulia mwenyewe badala ya kusimama dirishani na kunyoosha kidole. Iko kati ya dawa ya mende na biskuti. Ukiikosa hapo, utaikuta Nyakanazi juu ya meza ya mmachinga, pale barabara ya Kigoma inapokutana na ile ya Kahama, au Lusahunga wanapopumzika madereva wa malori ya Rwanda na Burundi. Supamaketi za Shoprite, Uchumi na Nakumatt zilikuja Tanzania kwa kishindo, zikafunga milango moja baada ya nyingine. Lipstiki ya buku jero ipo.

Sifa yake kuu ni ukarimu. Lipstiki ya bei ghali ni bahili, inang'ang'ania mdomo wa mwenyewe kutwa nzima kama kupe. Hii haijui ubinafsi. Mwandishi wa makala haya aliipaka saa nane mchana akienda kwenye sendofu ya binamu yake. Saa nane na nusu ilikuwa kwenye mrija wa soda. Saa tisa ilikuwa shavuni kwa mtoto wa dada yake, ambaye alilia, akabebwa na bibi, na kitenge cha bibi kikapata fungu lake. Saa kumi alimkumbatia baba mkubwa, na baba mkubwa akaondoka na alama ya midomo yote miwili kwenye kola ya shati jeupe, akaenda kuketi nayo kando ya mama mkubwa. Mama mkubwa hakuuliza kitu, jambo ambalo ni baya kuliko kuuliza. Ikapita kwenye bahasha ya mchango, ikapita kwenye kioo cha simu, ikaonekana kwenye kijiti cha kuchokolea meno ambacho hadi leo hakijapata mwenyewe. Jua lilipozama, ukoo mzima ulikuwa umejipaka lipstiki isipokuwa mwenye lipstiki.

Shati la baba mkubwa lina historia yake. Lilifuliwa kwa sabuni ya mche, likaanikwa juani, likalowekwa kwenye jiki usiku kucha. Alama ikafifia kutoka nyekundu hadi waridi, ikagoma hapo. Shati likastaafu, likawa tambara la kufutia pikipiki. Pikipiki imeshauzwa, tambara limebaki, na midomo bado inaonekana. Kitaalamu lipstiki ni nta, mafuta na rangi. Mafuta yakizidi nta, inatembea. Hii ilizaliwa msafiri.

Sifa za ndugu zake wa rafuni zitajwe upesi. Wanja una huruma, hulia kabla ya mwenye macho. Rangi ya kucha hubanduka yenyewe na kumwokoa mteja na gharama ya dawa ya kuitolea. Poda, ikikutana na vumbi jekundu la barabara ya Rusumo, humpa mtu wekundu wa mashavu bila malipo. Lebo imeandikwa Kiingereza kilichovunjika mguu, na tarehe ya mwisho wa matumizi hufutika ukiigusa kwa kidole gumba, kwa hiyo vipodozi hivi havizeeki.

Ikibaki fondesheni, kusifu kunakuwa kazi. Rafuni zipo rangi tatu, namba 01, 02 na 03, na mfuniko unazieleza kuwa ni pembe ya ndovu, mchanga na asali. Asali ya nyuki gani haijulikani. Asali nyingine ina weusi wake. Wahangaza na Washubi wa Ngara wana rangi nyingi kama udongo wa mashamba yao, ila hizo tatu hazimo. Hazimo! Katoni imevuka bahari hadi Dar es Salaam, imepandishwa lori, imekula zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na katika safari yote hiyo hakuna aliyejiuliza watu wa mwisho wa barabara wana sura gani. Si kwamba haiwezekani. Mwaka 2017 Rihanna alipoanza kuuza fondesheni zake za Fenty Beauty alitoa rangi 40 kwa mkupuo. Ngara haiombi 40. Inaomba moja.

Mwandishi alinunua namba 02, akajipaka mbele ya kioo cha duka, uso ukawa wa mtu mmoja na shingo ya mwingine. Akalalamika. Muuzaji, binti mpole aliyekuwa akihesabu chenji, akamtuliza bila kuinua macho: "Ukipaka ile krimu wiki mbili, dada, itakukubali."

Sentensi hiyo irudiwe taratibu. Fondesheni haikuletwa ifanane na ngozi; ngozi ndiyo inayotakiwa kurekebishwa ifanane na fondesheni. Na krimu yenyewe haiko mbali. Iko chini ya kaunta, haina boksi, na mtaani inaitwa mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni zinazowekwa humo huizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yenye ubuluu mahali palipoahidiwa weupe. Tanzania imevipiga marufuku viambato hivyo katika vipodozi. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003. Mwaka 2019 kazi ya kudhibiti vipodozi ilitolewa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ikapelekwa Shirika la Viwango (TBS). Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 Rwanda nayo ilianza kupita madukani ikiondoa krimu hizo, na Rwanda ni ng'ambo tu ya daraja la Rusumo. Daraja hilo na kituo chake cha pamoja cha forodha vilizinduliwa mwaka 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame. Upande wa Burundi kuna Kabanga. Wilaya moja, mipaka miwili, na katikati njia za miguu ambazo hazina kaunta.

Kwa hiyo mwananchi anashauriwa. Ushauri ni mmoja kila mwaka: nunua duka linaloaminika, soma lebo, angalia tarehe. Soma lebo! Lebo ipi? Ile ya Kiingereza kilichovunjika mguu, au ile iliyobanduliwa kabla krimu haijawekwa chini ya kaunta? Mama wa Rulenge mwenye elfu mbili mkononi ameteuliwa kuwa maabara ya taifa bila barua ya uteuzi. Anachukua sampuli kwa kidole, anapima kwa shavu, majibu yanatoka siku ya tatu yakiwa vipele, na ripoti haipelekwi popote.

Na wanaomtuma dukani hawaulizwi. Kwenye ile sendofu, mshereheshaji alimsifu binti kwa kung'aa kama taa mara saba, kwa hesabu ya mwandishi, na hakupata neno moja la kumsifia dada yake mweusi aliyekaa pembeni yake. Mpiga video alimrudisha bibi harusi chumbani akaongezewe poda kwa kuwa "anakula mwanga". Kisha baba mkubwa akasimama kutoa nasaha. Akawaasa mabinti wajipake kwa kiasi, wasibadilishe alichoumba Mungu. Alishangiliwa. Midomo miwili ilikuwa bado kwenye kola.

Namba 02 ilirudishwa dukani Jumatatu. Ukutani kulikuwa na karatasi: mali ikishauzwa hairudishwi. Mwandishi akarudi nayo nyumbani, ambako sebuleni kuna tundu la msumari lililoachwa na mpangaji aliyetangulia, kwenye ukuta ambao mwenye nyumba aliupaka rangi ya krimu. Akalijaza kwa fondesheni, akasawazisha kwa kidole. Ukuta umeikubali siku hiyo hiyo, bila wiki mbili, na hadi sasa haijatoka.