Sifa za Linki Iliyokufa

Linki iliyokufa katika orodha ya usomaji ya kozi haijapata mtu wa kuisifu, nayo ndiyo mtumishi mwaminifu kuliko wote katika vyuo vya Kampala. Mhadhiri huenda kusoma ng'ambo, mkuu wa idara hustaafu, wanafunzi huhitimu. Yenyewe haibanduki wiki ya tatu, chini ya maneno “Usomaji wa lazima”.

Kuzaliwa kwake tu ni sanaa. Mhadhiri yuko ofisini, amepata makala nzuri kwenye hifadhidata iliyolipiwa na maktaba. Ananakili anwani iliyo juu ya skrini, anaibandika kwenye Moodle, jukwaa la kozi mtandaoni, anaibonyeza, inafunguka. Anaridhika. Hajui kwamba inamfungukia yeye kwa sababu yumo ndani ya mtandao wa chuo, wala kwamba pengine anwani hiyo ni ya msako wake wa leo tu, kesho haitambuliki. Usiku, binti aliye hosteli ya Kikoni anabonyeza pale pale na kudaiwa dola 30 na ushee. Anwani ya kudumu, ile iitwayo DOI, ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala, lakini nani ana muda na ukurasa wa kwanza? Mwakani kozi itanakiliwa nzima nzima, marehemu akiwemo.

Na huruma yake! Tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, uliorithi ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018. Kitabu kizima cha PDF, chenye kurasa zilizopigwa picha moja moja, hulimeza bando kabla hujafika utangulizi. Ukurasa wa 404, ule wa “haipatikani”, hauli kitu. Msomaji hupata jibu papo hapo, akalala mapema.

Wandegeya nako wanailia shibe. Mwenye fotokopi pale chini ya kilima cha Makerere anajua sura gani hutakiwa wiki gani, na nakala mama anayo chini ya meza. (Sheria ya Hakimiliki ya 2006 tuiache ipumzike.) Linki zote zingefunguka, angekula nini?

Wapo watakaosema hii ni aibu yetu sisi. Si kweli. Mwaka 2014 Zittrain, Albert na Lessig walichapisha utafiti kuhusu linki zilizotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani: nusu hazikumfikisha msomaji kwenye habari iliyokusudiwa. Katika majarida ya sheria, likiwemo la Harvard lenyewe, zilizopotea zilizidi asilimia 70. Kumbe mwanafunzi wa Kikoni yumo katika safu moja na majaji wa Washington, na ada yake ni nafuu mno kwa heshima kama hiyo.

Adui ni mmoja tu: mkutubi. Huyu huomba aonyeshwe orodha kabla ya muhula, azikague linki, aweke za kudumu, aulize kama toleo la 1994 bado linahitajika. Kwa bahati njema ni wachache wanaombishia hodi.

Basi waheshimiwa wahadhiri, Agosti ikifika, nakilini orodha ya mwaka jana kama ilivyo. Tafadhali msiibonyeze kwanza.